NAULI YA MGONJWA NI SEHEMU YA DAWA



Somo letu la safari hii ni juu ya nauli. Huenda wako watakaoshangaa na kuuliza, "Je, nauli nayo ni jambo la kufundishwa? Mwenye nauli asafiri, asiye nayo asubiri." Mimi nami nilikuwa na mawazo ya namna hiyo mpaka yaliponikuta mambo nitakayowaeleza hapa chini. Tangu hapo nimejifunza kwamba mgonjwa anayeambiwa asubiri huenda hana muda wa kusubiri.

Somo hili laweza kusomwa na mtu mmoja nyumbani, au na kikundi. Mwenye kalamu na karatasi aziweke karibu, maana tutapiga hesabu kidogo. Mwishoni mtakuta maswali ya kujadiliana.

1. TAREHE ILIYOPITA

Miaka michache iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu kidogo cha kusaidiana. Tulikuwa na sanduku, daftari na kanuni. Kanuni mojawapo ilisema kwamba hakuna fedha itakayotolewa ila kwa kikao, na kikao hukaa Jumapili ya pili ya mwezi. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na niliiona nzuri, kwa sababu ilizuia ubadhirifu.

Jirani yangu mmoja, mama mjane aliyelima mahindi na kufuga kuku wachache, alipewa rufaa kwenda hospitali ya mjini. Safari ya kwanza alikwenda kwa fedha za wanawe. Akatibiwa, akaandikiwa kwenye kadi tarehe ya kurudi baada ya majuma matatu. Siku chache kabla ya tarehe hiyo nilimwona mlangoni pake, nikamsalimu, nikamuuliza habari za safari. Akanijibu, "Nitakwenda, Mwalimu. Nangoja nimpate mtu wa kununua kuku."

Nilielewa maana yake. Nikamwambia, "Mama, jambo lako nitalipeleka kikaoni Jumapili ya pili." Akashukuru kwa adabu. Tarehe yake ya hospitali ilikuwa Jumatano kabla ya Jumapili hiyo.

Jumapili ilipofika, kikao kilikubali bila ubishi. Nikampelekea fedha jioni ile ile. Akazipokea, lakini akasema tarehe imekwisha kupita na aliogopa kwenda kukemewa. Akakaa. Alipokwenda tena ilikuwa imepita miezi minne, naye amebebwa. Daktari alisema ugonjwa umeenea. Tulimzika kabla ya mahindi yake kukomaa.

Siwezi kusema kwamba angepona kama angekwenda Jumatano ile. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Ninalojua mimi ni kwamba siku ile ya Jumatano, fedha za kutosha nauli yake zilikuwa katika sanduku langu, chini ya kitanda changu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hapakuwa na mtu mwovu katika habari hii. Palikuwa na kanuni isiyojua tarehe za wagonjwa, na mweka hazina aliyeitii kuliko alivyomtazama jirani yake.

Basi shabaha ya somo letu ni hii: nauli ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake, kama vidonge na sindano. Na kama ilivyo kwa dawa, nauli ikichelewa haifanyi kazi.

2. TUPIGE HESABU YA SAFARI

Mtu akisema "nauli ya kwenda Dar es Salaam," kwa kawaida hutaja bei ya tikiti moja ya basi. Hiyo si gharama ya safari ya mgonjwa. Tuichambue kwa mfano. Namba nitakazotumia ni za kufundishia tu. Kila kikundi kiweke namba za kweli za mahali pake na za siku hiyo.

Tuseme mgonjwa wetu anakaa kijiji cha ndani, na kila mtu mmoja, kwa safari ya kwenda, hulipa hivi:

Pikipiki mpaka Mkata barabarani: Shs. 4,000/=
Basi mpaka mjini: Shs. 12,000/=
Gari la mjini mpaka hospitali: Shs. 1,000/=
Jumla: Shs. 17,000/=

Lakini mgonjwa hasafiri peke yake. Akiwa na mtu wa kumwangalia, 17,000 mara mbili ni Shs. 34,000/=. Na watu hawa watarudi. Kwenda na kurudi ni Shs. 68,000/=. Watakula siku mbili, tukiweka Shs. 5,000/= kwa kila mtu kwa siku, chakula ni Shs. 20,000/=. Watalala usiku mmoja kwa Shs. 15,000/=. Sasa jumlisha: 68,000 na 20,000 na 15,000. Tumepata Shs. 103,000/=.

Angalieni jambo hili. Tulianza na tikiti ya Shs. 12,000/=, tumefika Shs. 103,000/=, na bado mgonjwa hajamwona daktari. Tena kama ameambiwa arudi mara sita, hesabu itakuwa Shs. 618,000/=. Tuseme gunia la mahindi huuzwa Shs. 60,000/=; hizo ni zaidi ya gunia kumi. Ni wangapi kati yetu wanaobakiwa na gunia kumi za kuuza baada ya kuweka chakula cha watoto?

Katika hesabu hii liko kosa linalorudiwa mara nyingi: kusahau nauli ya kurudi. Ndugu huchanga, mgonjwa akapelekwa, watu wakashukuru Mungu. Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, mgonjwa na mwangalizi wake hubaki kwenye benchi wakipiga simu nyumbani. Anayechanga nauli ya kwenda peke yake amelipa nusu ya deni.

3. BURE ISIYOFIKIKA

Nchini petu, uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, uliwekwa pia utaratibu wa misamaha kwa makundi maalumu na kwa wasio na uwezo. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini msamaha ule ulihusu malipo ya hospitalini; kondakta wa basi hakuutambua. Bima nayo kwa kawaida hulipa daktari, vipimo na dawa. Pikipiki, basi, ugali wa mwangalizi na kitanda cha kulala wageni hubaki juu ya mgonjwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni ule wa wanawake wenye fistula. Wengine hawalijui neno hili, basi tulieleze. Mama anapokaa na uchungu muda mrefu na mtoto amekwama, tishu za ndani huweza kukosa damu na kufa, pakabaki tundu. Baadaye mkojo au haja kubwa humtoka bila kujizuia. Mara nyingi hujitenga au hutengwa. Ugonjwa huu hutibika kwa upasuaji.

Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ilikuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo. Hata hivyo wengi hawakufika. Walikuwa mbali, hawakuwa na habari, na hawakuwa na nauli. Mwaka 2009 ikaanzishwa njia mpya kwa kutumia M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu iliyokuwa imeanza nchini mwaka uliotangulia. Katika sehemu mbalimbali za nchi waliwekwa mabalozi, yaani watu wa kujitolea wa kumtambua mgonjwa. Balozi alipompata mama mwenye dalili, alitoa taarifa hospitalini. Hospitali ikatuma nauli kwenye simu ya balozi. Balozi akakata tikiti, akampandisha mama kwenye basi, na huko mjini akapokewa. Mama alipofika salama, balozi naye akatumiwa ahsante yake ndogo. Idadi ya waliotibiwa ikaongezeka.

Tujifunze nini hapa? Kwanza, matibabu yalikuwa bure tangu awali, ila bure ile haikufikika. Pili, fedha ilitoka kabla ya safari; mama hakuambiwa akope, kisha adai. Tatu, fedha ilikuja pamoja na mtu. Mama ambaye hajapata kufika Dar es Salaam anahitaji nauli, na pia anahitaji mtu wa kumwambia, "Panda basi hili, shuka pale, utamkuta fulani."

4. KUCHELEWA MARA TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya sababu za akina mama kufa kwa uzazi mahali ambapo tiba ingeweza kuwaokoa. Walizigawa sababu hizo katika kuchelewa kwa namna tatu. Mpaka leo wauguzi na madaktari hufundishwa jambo hili, nasi twaweza kulitumia kwa magonjwa mengine.

Kuchelewa kwa kwanza ni nyumbani, katika kuamua. Kuchelewa kwa pili ni njiani, katika kufika. Kuchelewa kwa tatu ni hospitalini, katika kuhudumiwa baada ya kufika.

Watu wengi hudhani nauli inahusu kuchelewa kwa pili tu. Sivyo. Nauli huingia nyumbani kabla ya mtu kutoka. Mgonjwa asiye na nauli hujishawishi kwamba amepata nafuu. Mume asiye na nauli husema, "Tungoje kesho tuone." Bibi asiye na nauli hukataa kumwambia mwanawe kwamba macho yanafifia, asije akauza mbuzi. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusema watu wa kijijini ni wazembe wa kwenda hospitali. Mara nyingi wamekwisha kupiga ile hesabu ya Shs. 103,000/= kimoyomoyo, wakanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Lakini tukumbuke kwamba wengine huficha maradhi kwa kuwa hawana cha kuyapelekea.

5. KUTOKA MACHELA MPAKA 115

Nilipokuwa mtoto mgonjwa alibebwa kwa machela au kwa kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye mti. Vijana wanne hushika, wanne hufuata nyuma kuwapokea. Hakuna aliyedaiwa nauli, kwa sababu nauli ilikuwa mabega ya majirani. Aliyekataa kubeba alijua siku yake nayo itakuja. Siku hizi barabara zimekuwa nzuri. Barabara ya lami ya kwenda Handeni mjini ina urefu wa km. 54, na ile kuu ya Chalinze na Segera hupita hapa hapa kwetu. Kutoka Segera twaweza kwenda Muheza na Tanga, au Korogwe na kuendelea mpaka Moshi. Twashukuru. Lakini gari limewapumzisha majirani mabega, nasi tukasahau kuweka kitu badala yake. Zamani mzigo ulikuwa wa watu wanane. Leo ni wa mgonjwa mmoja.

Kwa upande wa uzazi, upo mpango ambao kila nyumba yapasa kuujua. Unaitwa m-mama. Ulifanyiwa majaribio wilayani Sengerema, ukaendelea mkoani Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua ili uenezwe nchi nzima. Hufanya kazi hivi. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga akipata hatari, mtu hupiga simu namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza dalili na mahali mgonjwa alipo, kisha huita gari la wagonjwa. Kama halipo karibu, huita dereva wa kijamii aliyekwisha kuandikishwa. Dereva humfikisha mama kwenye kituo kinachofaa, na malipo yake hutumwa kwa simu. Familia haitakiwi kutafuta fedha usiku wa manane.

Nchini petu vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Kazi hiyo imefanywa kwa mambo mengi, vituo, damu, wakunga na dawa, wala hatuwezi kuyataja yote kuwa ni ya usafiri. Ila gari linalofika kwa wakati ni mojawapo.

Basi naomba kila msomaji aandike namba 115 kwa mkaa au chaki nyuma ya mlango wa nyumba yake. Nawaomba hasa wanaume. Usiku wa taabu si wakati wa kutafuta namba.

6. WENZETU WANAFANYAJE?

Tusidhani shida hii ni ya maskini wa Afrika peke yao. Huko Uingereza, ambako huduma ya afya ya taifa ilianzishwa mwaka 1948 na matibabu mengi hayalipiwi, watu hulalamika juu ya nauli na juu ya malipo ya kuegesha gari hospitalini. Mzazi anayekaa na mtoto wodini usiku kucha huhesabu saa za gari lake lililoko nje. Kwa hiyo uko utaratibu wa kuwarudishia nauli wagonjwa wenye kipato kidogo waliopewa rufaa, wakionyesha risiti ndani ya miezi mitatu. Na kwa maegesho, hospitali za umma katika England zimetakiwa kutowatoza watu wa makundi fulani: walemavu, wagonjwa wanaokwenda mara kwa mara, wazazi wa watoto waliolazwa usiku, na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Huko kilio ni cha maegesho, kwetu ni cha basi. Lakini somo ni moja.

Nchini Brazil, kwa agizo la mwaka 1999, mgonjwa anayepelekwa kutibiwa mbali na mji wake kwa umbali unaozidi km. 50 hupewa msaada wa safari. Kutoka kwetu mpaka Handeni mjini, kwa hesabu hiyo, tungekuwa tumevuka mpaka. Nchini Nepal, kuanzia mwaka 2005, mama aliyejifungulia kwenye kituo cha afya alipewa fedha za kumsaidia safari: kiasi kidogo kwa wakaao tambarare, zaidi kwa wa vilimani, na zaidi tena kwa wa milimani. Hapo pana busara. Msaada ulipimwa kwa ugumu wa njia.

Iko pia njia ya kupunguza safari zenyewe. Mwaka 1957 madaktari watatu walianzisha shirika ambalo leo ni AMREF, wakitumia ndege ndogo kumpeleka daktari alipo mgonjwa. Hapa kwetu watu wanaotumia dawa za VVU na hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, wasirudi kila mwezi. Na wilayani mwetu wazee wanakumbuka jinsi hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Kwamkono, ilivyokuwa na bweni la watoto waliopooza kwa polio. Mtoto anayehitaji mazoezi kwa miezi hawezi kuletwa na kurudishwa kila siku. Kitanda cha bweni kilikuwa ndiyo nauli yake.

7. MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUSAFIRI

Mgonjwa akipewa rufaa, asitoke chumba cha daktari bila kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Aulize hivi:

(a) Je, huduma hii yapatikana mahali pa karibu zaidi? Huenda ipo Handeni, au hospitali ya Magunga, Korogwe, au Teule, Muheza, au Bombo, Tanga, kabla ya kufikiria Muhimbili au KCMC.

(b) Je, madaktari bingwa watakuja wilayani kwetu karibuni? Tangu mwaka 2024 kumekuwa na kambi za namna hiyo katika hospitali za halmashauri.

(c) Je, vipimo na kumwona daktari vyaweza kuwekwa siku moja, ili nisifunge safari mbili?

(d) Je, dawa zaweza kutolewa za muda mrefu zaidi?

(e) Ofisi ya Ustawi wa Jamii iko wapi katika hospitali hii? Huko ndiko asiye na uwezo huanzia kueleza hali yake. Aende mapema, siku ya kwanza, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Asingoje siku ya kudaiwa.

(f) Nikishindwa kufika tarehe hii, nimpigie nani? Jirani yangu yule angekuwa na namba ya kupiga, huenda asingeogopa kukemewa.

8. MFUKO WA NAULI

Baada ya msiba ule tuliifuta ile kanuni niliyoiandika. Hizi ndizo tulizoweka badala yake, nami nazitoa kwa vikundi vingine kama mfano.

Kwanza, fedha ya nauli hutolewa siku ile ile. Watu watatu wamepewa mamlaka, na wawili wakikubaliana yatosha. Kikao cha Jumapili hupokea taarifa baada ya mgonjwa kusafiri. Akaguaye daftari anayo nafasi ya kuuliza. Mgonjwa hana nafasi ya kungoja maswali.

Pili, tarehe za wagonjwa zimeandikwa. Kila mwenye kutibiwa mbali, akipenda, humweleza mmoja wa wale watatu tarehe yake ya kurudi. Juma moja kabla, yeye ndiye huendewa. Hatungoji aje kuomba, kwa maana kuomba kuna uchungu wake, na mtu mwenye heshima hufa na haja yake mdomoni.

Tatu, twatoa nauli ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja.

Nne, twatazama barua ya rufaa au kadi ya kliniki, maana matapeli wapo. Lakini twatazama tarehe na jina la hospitali tu. Jina la ugonjwa halituhusu, wala haliandikwi katika daftari. Anayetangaza ugonjwa wa mtu barazani hafai kushika mfuko huu hata siku moja.

Tano, msaada ni wa jirani yeyote. Hatuulizi dhehebu wala dini. Mnakumbuka habari ya Msamaria: alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, akalipa nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi. Yaani alitoa usafiri, malazi na nyongeza, wala hakumwuliza yule mtu anasali wapi.

Sita, mgonjwa akirudi huendewa na kusalimiwa, na tarehe nyingine huandikwa.

Fedha zatoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Tuseme nyumba 60 zikitoa Shs. 500/= kila juma. Hizo ni Shs. 30,000/= kwa juma, na Shs. 120,000/= kwa majuma manne. Linganisheni na ile hesabu yetu ya kwanza. Safari moja kamili ya watu wawili imelipwa, na zimebaki Shs. 17,000/=. Fedha hizo hazitoshi kwa wagonjwa wote. Zatosha kwa yule ambaye tarehe yake ni Jumatano.

Wenye magari na pikipiki wanaweza kutoa bila kugusa mfuko: kiti kimoja kwenda Handeni siku ya kliniki. Wenye ndugu mjini wanaweza kumwombea mgonjwa kitanda cha usiku mmoja. Na asiye na kitu anaweza kumsindikiza mgonjwa asiyejua kusoma, au kumlishia mbuzi mpaka arudi.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Pigeni hesabu ya safari ya mgonjwa na mwangalizi wake kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali ya rufaa, kwa bei za leo. Je, ni gunia ngapi za mahindi?

2. Kati ya kuchelewa kwa namna tatu, kupi kumewahi kuipata familia yako? Nini kingesaidia?

3. Kwa nini baadhi ya wagonjwa hawaombi msaada hata wanapojua upo? Sisi tunaosaidia twachangiaje aibu hiyo kwa maneno au nyuso zetu?

4. Kikundi chenu kina kanuni gani ya kutoa fedha? Mgonjwa akija leo jioni, na basi lake ni kesho alfajiri, kanuni hiyo itamwambia nini?

5. Ni nani hapa kati yetu mwenye tarehe ya hospitali mwezi huu?

Swali la tano lisijibiwe hadharani. Baada ya kikundi kutawanyika, mtu mmoja amfuate jirani yake polepole, amwulize mlangoni pake. Akijibu kwamba angoja mnunuzi wa kuku, asimwambie habari za Jumapili.

Mwalimu Mstaafu,
Mkata.